Msimwogeshe Muthiani

Tangu nirudi Zombe sijaweza kununua hata sukari bila kusimamishwa njiani. "Mama Ndinda, ni kweli ulitaka kunyima wageni wa kanisa nyama?" "Ni kweli beberu wako alitazamana na ndovu?" Kila mmoja nimempa kipande, na vipande vyenyewe vimeanza kuzaana huko sokoni, mpaka juzi nikasikia kwamba nilimpiga mchungaji. Sikumpiga mchungaji. Basi kaeni niwaeleze yote mara moja, na mwenye kutaka kucheka asubiri nimalize.

Muthiani mnamjua, yule beberu wangu wa kijivu ambaye pembe yake ya kushoto imepinda kuelekea sikioni. Kikundi chetu cha wafugaji kilikubaliana na kikundi cha Matiliku tubadilishane mabeberu, kwa sababu hapa kwetu ameshakuwa baba wa karibu kila mwana-mbuzi na angeanza kuwapanda mabinti zake. Mnakumbuka pia yaliyosemwa mkutanoni. Shemeji yangu Nzioka alisimama akasema beberu aliyelelewa na mwanamke hawezi kubeba jina la Zombe, mwanamke afuge kuku. Matiliku nao walituma ujumbe kwamba watamjaribu, na asipofaa wana wageni wa kanisa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wageni hula. Wanaume wakacheka sana. Mimi nilisema nitampeleka mwenyewe, nitarudi bila yeye, na yeye atabaki huko akiwa hai.

Zombe hadi Kitui, pamoja na kwaya

Gari lililopatikana asubuhi ile lilikuwa pikapu iliyokodiwa na kwaya ya akina mama waliokuwa wakienda mkutano wa injili Kitui. Dereva aliniambia nyuma kuna nafasi ya mtu mmoja na mzigo. Hakuuliza ni mzigo gani, nami sikuona sababu ya kumsumbua.

Kwa wale ambao hawafugi, niseme jambo hili wazi. Beberu akiingia katika msimu wake hujikojolea mwenyewe. Huinamisha kichwa, akajipiga mkojo kwenye ndevu, kifuani na miguu ya mbele, tena kwa shabaha ambayo wanaume wengi hawana. Jua likishapita hapo, harufu yake unaipata kabla hujamwona. Muthiani alikuwa katika kilele cha msimu, na akina mama walikuwa wamevaa sare mpya za zambarau.

"Ngai! Hii mbuzi inanuka aje?" alisema kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. "Mwaitu, mama yangu, kwani kwenu hakuna sabuni?"

"Sabuni iko. Lakini hii ni nthenge, beberu mzima, si bwana harusi."

"Hata bwana harusi huoga!"

"Bwana harusi akioga anaweza kukuficha mambo mengi," nikamwambia. "Huyu hawezi kunificha kitu."

Mama mmoja aliyekaa karibu na tairi la akiba akaangua kicheko na kusema hapo nimesema ukweli wa Mungu. Wengine hawakucheka. Walifunga leso puani na kuniambia nimtupe, nimshushe, nimfunge kwenye mti nitampitia nikirudi. Nilikataa. Niliwaeleza kwamba ule mwaka wa kiangazi kirefu Muthiani alipata homa ya mapafu, na kilichoniambia hakikuwa kikohozi. Kikohozi kilichelewa. Kwanza ndevu zilikauka, harufu ikapotea, na majike wakawa wanampita kama kisiki. Alipopona, harufu ikarudi kabla hajaanza hata kula vizuri, na siku hiyo nililia kwa furaha nikiwa nimeshika pua. Mgonjwa hana nguvu za kunuka hivyo. Harufu ile ndiyo afya yake, anaitangaza kwa majike na kwa madume wenzake, na huwezi kuiazima kwa jirani.

Walinisikiliza, halafu wakaimba mpaka Kitui wakiwa na leso puani. Sauti ya pili iliumia zaidi, maana walikuwa wamekaa upande ambao upepo ulikuwa ukielekea.

Kitui hadi Ikutha, gurudumu na mjusi

Kitui nilimpata Mutua, dereva wa lori la ndengu, kijana wa kwetu wa upande wa Mutito. Lori lake limechorwa miali ya moto ubavuni, lina taa za buluu chini na honi inayopiga wimbo mzima. Nilimwambia naenda Emali, halafu Matiliku. Akasema, "Panda mwaitu, tutafika." Muthiani tukamfunga juu ya magunia, mimi nikakaa mbele.

Njia nzima ya kwenda Mutomo Mutua alipiga honi kila alipoona msichana, na hata pale ambapo hakukuwa na msichana alipiga, labda kwa tahadhari. Nilimwuliza kama kuna aliyewahi kumfuata kwa sababu ya ile honi. Akasema hapana, lakini madereva wengine humpisha. Nikafikiri hilo, nikaona si upuuzi.

Karibu na Ikutha gurudumu la nyuma lilipasuka. La akiba nalo lilikuwa halina upepo, kwa hiyo utingo wake alichukuliwa na pikipiki kwenda kulijaza, nasi tukabaki tukitazama barabara. Jua la Ikutha mnalijua. Mama mmoja wa kibanda alituuzia uji na viazi vitamu vya kuchemsha, nikala kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimehesabu kulala Emali.

Mbele yetu kulikuwa na jiwe kubwa, na juu yake mjusi wa kichwa chekundu, mwili wa buluu, wale ambao watoto huwarushia mawe. Alikuwa akijiinua na kujishusha kwa miguu ya mbele, juu, chini, juu, chini, akitazama huku na huku. Majike wake wa kahawia walikuwa kwenye nyufa. Akatokea dume mwingine, rangi yake imepauka, akapanda upande wa chini wa jiwe. Yule mwekundu hakumkimbilia. Alijiinua tu mara nyingine, kichwa kikawa chekundu zaidi, na yule wa pili akamtazama, akafikiri, akashuka alikotoka. Hakuna aliyeumwa.

"Ameogopa bure," akasema Mutua. "Hata hawajapigana."

"Kwa nini apigane na jibu ameshaliona?" nikamwuliza. "Ungekuwa wewe ungekaa juani siku nzima ukiwa mwekundu hivyo, mwewe wote wakuone, kama huna mbio za kuwatoroka?"

Mutua alimtazama yule mjusi kwa muda. Kisha akaenda kufuta vumbi kwenye miali yake ya moto.

Mtito Andei, ambako sikupanga kufika

Tulipofika Kibwezi nilijua tunapinda kulia kuelekea Emali. Lori likapinda kushoto.

"Mutua, Emali si huku."

"Najua, mwaitu. Kwanza nashusha ndengu Mtito."

"Lakini uliniambia tutafika Emali!"

"Si tutafika? Sikusema tutaanza na huko."

Ningemfanya nini? Mzigo wangu ulikuwa juu ya mzigo wake. Tulifika Mtito Andei alasiri, tukakuta mnunuzi wa ndengu hayupo, atakuja kesho, na kila mtu akatuambia hivyo bila haya yoyote, kana kwamba kesho ni nyumba ya pili kutoka hapo.

Nilikula ugali na matumbo katika hoteli ya madereva, chakula kizuri, sitasema uongo. Kulala ndiko kulikokuwa taabu. Mama wa loji ya kwanza alinusa tu akafunga dirisha. Wa pili alikuwa mpole zaidi. "Wewe karibu, lakini hiyo mbuzi labda uioshe kwanza." Na hapo hapo, kando ya kituo cha petroli, wako vijana wanaoosha malori kwa mpira wa maji ya nguvu. Mmoja wao alinifuata barabarani akiwa ameushika ule mpira. "Mama, dakika mbili tu! Itang'aa kama ya show!" Nilimwambia akimgusa Muthiani kwa tone moja la maji nitamwosha yeye. Madereva wakapiga makofi. Sikuona kilichochekesha. Nilikuwa nimechoka, nina vumbi mpaka kwenye meno, na dunia nzima ilikuwa imekula njama ya kumwogesha beberu wangu.

Aliyeniokoa ni mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa, mzee mmoja mwembamba aliyejitambulisha kwa jina la Abdi, mwenye ua wa miiba nyuma ya maduka ambamo mbuzi wake walikuwa wakisubiri lori. "Weka hapa, mama. Hapa hakuna mtu ya kusumbuka na harufu." Tulipomwingiza Muthiani, mbuzi wa Abdi, maksai watupu, walifungua njia bila kuambiwa, wakajibana pembeni. Abdi alimshika taya, akatazama meno, akapima kende kwa kiganja. Kisha akafumba macho na kuvuta pumzi.

"Mbuzi ya kuchinja, mimi naangalia na macho," alisema. "Ya kupanda, macho inadanganya. Huyu niuzie."

"Hauzwi. Anaenda kazini."

Alicheka, akaniita ninywe chai ya maziwa ya ngamia pamoja na mke wake, na mke wake akanipa mkeka ndani kwao. Nilipumzika kwa mara ya kwanza tangu Zombe.

Sasa habari ya ndovu. Kabla jua halijazama, watu walikusanyika upande wa reli wakitazama mbugani, nami nikaenda na Muthiani kwa kamba kwa sababu sikumwamini yule kijana wa mpira. Ndovu dume alikuwa amesimama mbali, na kando ya macho yake majimaji yalikuwa yametiririka mpaka mashavuni, mistari miwili myeusi. Ndovu dume huwa hivyo akiwa katika msimu wa kutafuta majike, na hapo hana simile na mtu. Nyuma yake walikuja madume wawili wengine, vijana wa miili mikubwa tu, wakapunguza mwendo. Upepo ulipowapelekea habari, waligeuka wakamzunguka mbali.

Muthiani naye alisimama wima, manyoya ya mgongo yameinuka. Nilidhani ataogopa. Aliinamisha kichwa, akajikojolea ndevu upya mbele ya Mtito Andei yote, akainua mdomo na kutoa ule mlio wake wa kubwabwaja. Ndovu hakujua hata kwamba yupo. Lakini mimi nilijua, na niliona fahari ambayo sitaomba msamaha kwayo.

Emali kupanda Matiliku

Mnunuzi wa ndengu alikuja, Mutua akashusha, tukarudi na lori tupu mpaka Emali. Tuliagana vizuri. Alinipigia wimbo wote wa honi.

Waendesha bodaboda wa Emali walimzunguka Muthiani, wakamnusa, wakatawanyika. Mmoja tu alikubali, kwa sharti mimi nikae katikati ili niwe ukuta. Tulikwenda vizuri mpaka mlima wa kwanza, ambapo alisimamisha pikipiki, akashuka, akaenda kusimama peke yake chini ya mti. Aliporudi alisema hataweza, kichwa kinamwuma, na kweli macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwonea huruma, nikamwacha aende. Tulipanda vilima kwa miguu, mimi na Muthiani, na kila nyumba tuliyopita mbuzi jike walikuja mpaka ukingo wa ua wakilia. Watu walitoka milangoni kuona ni nini kinapita. Nilitembea katikati ya barabara.

Matiliku, maji ya mgeni

Mwenyeji wangu alikuwa Mwikali, katibu wa kikundi chao, mwalimu wa watoto kanisani, mtu wa moyo mweupe. Alinipokea kama dada yake. Kabla sijasema neno aliniwekea maji ya moto bafuni na sabuni ambayo karatasi yake ilikuwa haijafunguliwa. Kisha akanipakulia muthokoi na ndengu. Nikala mpaka nikaona haya, na usingizi ukanichukua palepale kwenye kiti, mchana kweupe.

Nilipoamka nilitoka uani. "Mwikali, Muthiani yuko wapi?"

"Si huyo hapo."

Pale chini ya tangi la maji alisimama mbuzi mweupe. Mweupe kabisa. Alikuwa amechanwa manyoya, ndevu zimekatwa zikasawazishwa, pembe zimepakwa mafuta ya nazi, na shingoni ana utepe. Nilitazama ile pembe iliyopinda kuelekea sikioni, ndipo nikamjua. Miaka yote nimeamini ni wa kijivu.

Mwikali alikuwa anatabasamu, mikono bado imelowa, akingoja nifurahi. "Nilimwogesha na sabuni ya unga, mara tatu. Jumapili mchungaji atamwombea mbele ya watu. Hawezi kuingia akiwa vile. Na yeye pia si ni mgeni?"

Ningempigia kelele vipi? Alifanya kile mama yangu alichonifundisha, mgeni akifika umpe maji kabla ya maneno. Lakini hasira ilinipanda, na nilimwambia ukweli. "Mwikali, umempokonya kila kitu alichokuja nacho. Majike watamjua aje?"

Tabasamu likamtoka polepole. "Lakini alikuwa mgeni," akarudia, na akakaa chini kwenye ndoo.

Jumapili mchungaji alimwombea, maombi mazuri, na baadaye tukaenda zizini kwa mwenyekiti, Mzee Wambua. Hapo sharti mjue mambo mawili. La kwanza, beberu waliyekuwa naye Matiliku ni wake, anaitwa Simba, mwekundu, pembe pana, mnene, na Mzee alimpenda sana. Muthiani akikubaliwa, Simba ndiye angekuja kwetu. Kikundi ndicho kilichotaka damu mpya, si yeye. La pili ni desturi yao. Beberu mgeni hahesabiwi kuwa wa kikundi mpaka mwenyekiti amletee jike lake mwenyewe, mchana, watu wakiona. Kabla ya hapo ni mgeni tu, na mgeni wa aina hiyo anaweza kuliwa.

Mmewahi kuona mnyama akiaibishwa? Muthiani aliingizwa katikati ya majike. Walimnusa, wakageuka wakaendelea na majani yao. Kongwe mmoja alimpiga kichwa cha ubavu. Kisha Simba akaletwa, akamtazama yule mweupe anayenukia nazi, na hakuonyesha hata dalili ya kumheshimu, alikuja moja kwa moja. Muthiani alijitahidi, akainuka kwa miguu ya nyuma, pembe zikagongana, lakini alikuwa ametoka safari na Simba alikuwa kwao. Alisukumwa mpaka kwenye ua. Watu walicheka, na utepe ulikuwa bado shingoni.

"Mama Ndinda," alisema Mzee Wambua kwa sauti ya kusikika mbali, "hii umetuletea ni beberu ama ni maksai? Jumamosi tuko na wageni."

"Mpe mpaka Ijumaa. Bila sabuni."

"Na kama Ijumaa bado ni hivi?"

"Kama ni hivi, kisu nitashika mimi mwenyewe."

Sijui yale maneno yalitoka wapi. Nilitoka pale kichwa juu, nikamrudisha Muthiani kwenye zizi la Mwikali.

Matiliku bado

Wanaosema nililala zizini wamezidisha. Nilikaa hapo mchana tu. Nilikaa kwa sababu watu wa Matiliku ni wakarimu mno, na mama mmoja alishakuja na beseni, anasema amesikia mgeni wetu bado anajisikia vibaya. Nilimshukuru nikamrudisha na beseni lake.

Muthiani alilala akitazama ukuta. Nilimletea matawi ya mgunga na maganda ya ndengu, akala kidogo kwa adabu. Nilimwomba Mwikali amruhusu mbuzi wake wa kahawia apite karibu kila asubuhi. Siku moja yule jike alikojoa mbele ya lango, Muthiani akasogea, akanusa, akainua kichwa na kukunja mdomo wa juu mpaka meno yakaonekana. Wafugaji mnaujua huo mkunjo, beberu anasoma habari za jike. Nilimshika Mwikali mkono bila kusema kitu. Jioni yake aliinamisha kichwa akajilowesha kile kisiki cha ndevu alichoachiwa.

Tangu hapo Mwikali alikuwa anakuja kila asubuhi kabla ya chai, anasimama langoni, anavuta pumzi. "Bado," anasema, anaenda. Kesho yake, "Bado kidogo." Alhamisi asubuhi nilisikia mlio. "Aiee! Mama Ndinda! Amefika!" Alikuwa ameshika pua kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anacheka. Mbuzi wake wa kahawia alikuwa akizunguka ua, mkia hautulii, analia. Tukafungua. Sitaeleza zaidi, ninyi ni watu wazima.

Habari zilienda mbio, lakini desturi ni desturi. Bila jike la mwenyekiti, Jumamosi ilikuwa bado ni Jumamosi.

Jioni ile, mke wa mwenyekiti, Mama Kyalo, alitokea kupitia shambani, nyuma ya migomba, anavuta jike mzuri mweusi. Aliongea chini chini. "Huyu amekataa Simba tangu asubuhi. Mzee amesema aingie tu kidogo, halafu nirudi naye. Hakuna haja ya watu."

Nilielewa yote kwa mara moja. Mzee atapata wana wa Muthiani, na wageni watapata Muthiani. Nilimtazama yule jike, alikuwa anavuta kamba kuelekea langoni mpaka shingo imenyooka. Yeye hakuwa na fitina yoyote.

"Mama Kyalo, nakuheshimu," nilisema. "Mwambie Mzee amlete mwenyewe. Kesho ni soko. Apitie sokoni."

"Hatakuja. Humjui Wambua."

"Basi mrudishe kwa Simba."

Alinitazama kama mtu aliyemwona mwenda wazimu, akageuka, akamburuta yule jike kupitia mahindi. Mbuzi alilia njia nzima. Mwikali alikuwa amesimama mlangoni na kijiko mkononi. "Mama Ndinda, umeharibu! Si ungemwachilia tu? Mzee hatasahau hiyo." Joto la jike halingoji, siku moja, siku mbili, limekwisha, na Mzee alijua hilo kama mimi. Lakini mtu mwenye kiburi anaweza kukosa wana-mbuzi ili asionekane ameshindwa. Niliogopa. Nilijiuliza kama ni Muthiani ninayempigania au ni uso wangu, na sikupenda jinsi jibu lilivyochelewa.

Siku ya soko

Ijumaa asubuhi akina mama wa kanisa walileta sufuria kubwa, wakaifunika kwa magunia katika ua wa Mwikali, hatua chache kutoka kwa Muthiani. Waliniamkia kwa upole, wakaondoka. Kisu kilikuwa juu ya sufuria, kimefungwa gazeti. Nilikiangalia mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Asubuhi ikapita. Kutoka pale tunasikia soko, watu wa nyanya, watu wa mitumba, muhubiri mmoja na kipaza sauti chake. Mchana ukafika, jua likapinda. Mwikali alipika chai, hakuna aliyeinywa. Nilisimama, nikaenda nikachukua kile kisu, nikakitoa kwenye gazeti, kwa sababu nilikuwa nimesema nitashika mwenyewe na mimi si mtu wa kusema bure. Muthiani alikuja akanipaka kifua chake chote kwenye gauni. Nililia pale, nisiwafiche.

Ndipo muhubiri akanyamaza katikati ya neno.

Nikageuka. Kutoka sokoni, katikati ya barabara, Mzee Wambua alikuwa anakuja na koti lake la Jumapili na kofia, anavuta jike mweusi kwa kamba, ingawa kusema kweli jike ndiye aliyekuwa anamvuta. Nyuma yake ilikuwa nusu ya soko. Watu wengine walikuwa wamebeba nyanya walizosahau kulipia. Hakuna aliyecheka. Alisimama mbele ya lango, akaona kisu mkononi mwangu, akavua kofia.

"Wakya, mwaitu," akaniamkia.

"Aa," nikaitikia.

"Nimeleta mbuzi."

"Mbuzi ya nani, Mzee?"

Aliwageukia wale watu, akawatazama mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti ile ile aliyoitumia Jumapili, "Ni yangu. Ya kwanza."

Nikaweka kisu chini, nikamfungulia lango.